VIPURI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Somo kwa bodi na kamati za vyama vya wakulima wa mpunga juu ya kununua kombaini iliyotumika

Makusudi ya somo

Vyama vya wakulima wa mpunga katika mabonde ya Morogoro, Mbeya na Kilimanjaro vinatamani kumiliki kombaini, yaani mashine inayokata, kupura na kupepeta mpunga kwa mpito mmoja. Mashine mpya ina bei inayozidi hisa za vyama vingi, na kwa sababu hiyo macho huelekezwa kwenye mashine iliyokwisha kutumika. Hapo ndipo wajumbe wawili au watatu hutumwa Dar es Salaam, hupanga katika nyumba ya wageni ya Kariakoo au Jangwani, na asubuhi ya siku ya pili huwa wamekwisha kuzungukwa na madalali.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wajumbe hao, walisome kabla hawajapanda basi. Fundisho lake kubwa ni moja: kombaini iliyotumika hununuliwa kwa kuanza na vipuri vyake. Mjumbe aanzie kwenye maduka ya vipuri, amalizie kwenye yadi ya mashine. Anayefuata njia ya kinyume huuziwa mbuzi kwenye gunia.

1. Jambo lililo hatarini

Mpunga uliokomaa hausubiri. Wataalamu hushauri uvunwe wakati punje zina unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Ukiachwa ukauke mno shambani, punje hupukutika, nyingine hupata nyufa ndani ya ganda na kuvunjika kinuni, na ndege aina ya kweleakwelea hula wanachokikuta.

Chama kinapotangaza kwamba kitavuna kwa mashine, mwanachama huacha kutafuta vibarua. Mashine ikisimama katikati ya msimu, vibarua huwa wamekwisha kuchukuliwa na wengine, na mwanachama hubaki na mpunga wake umesimama. Yafaa basi ieleweke kwamba kitu ambacho chama kinakinunua hasa ni siku za kazi ndani ya msimu. Kombaini nzuri ni ile inayotoa siku nyingi za kazi. Rangi yake, umri wake na maneno ya muuzaji ni mambo ya baadaye.

2. Funzo la Kongwa

Nchi hii ina funzo lake la zamani juu ya mashine zilizotumika. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa. Dunia ilikuwa imetoka vitani na matrekta mapya yalikuwa adimu. Zikanunuliwa mashine za ziada za jeshi la Marekani zilizobaki huko Ufilipino, zikashushwa katika bandari ya Dar es Salaam na kupelekwa bara kwa reli.

Nyingi katika hizo zilikuwa zimechoka kabla hazijagusa ardhi ya Kongwa. Zilisimama moja baada ya nyingine, vipuri havikupatikana kwa wakati, na karakana zilielemewa. Udongo wenyewe ulipokauka ulikuwa mgumu kiasi cha kuzishinda zana zilizoletwa. Mwaka 1951 mpango huo ulifungwa, ukiwa umekula zaidi ya pauni milioni 35.

Serikali tajiri iliweza kuifuta hasara hiyo katika vitabu vyake. Chama cha msingi hakina uwezo huo, kwa maana hasara yake hulipwa kwa hisa za mama mjane na za kijana aliyejiunga mwaka jana. Kilichotokea Kongwa kina sehemu mbili za kukumbukwa: mashine zilinunuliwa kabla ya kujulikana vipuri vyake vitatoka wapi, na zililetwa kabla ya kujulikana kama zinafaa kwa udongo ule.

3. Ijulikane kwanza mashine ya shamba lipi

Kabla ya safari, bodi ikubaliane juu ya aina ya kombaini inayotakiwa. Mjini zitakutwa aina tatu.

Ya kwanza ni kombaini kubwa za magurudumu kutoka Ulaya na Amerika. Hizi ni za ngano na nafaka za nchi kavu, na ndizo zilizofaa katika mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO wilayani Hanang, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. Katika jaruba lenye tope mashine kama hiyo huzama, tena huvunja kingo za majaruba.

Ya pili ni kombaini ndogo kutoka Japani zinazoshika mabua na kupitisha masuke peke yake katika ngoma ya kupuria. Hupatikana kwa bei ya kuvutia. Lakini zilibuniwa kwa mpunga mfupi, wa kimo kimoja, uliopandwa kwa mistari. Mpunga wa aina ya Supa ni mrefu na hulala chini upepo ukivuma, nao huzisumbua sana mashine hizi. Aidha, nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani pekee, na vitabu vyake vya maelekezo vimeandikwa kwa Kijapani.

Ya tatu ni kombaini zinazomeza mmea wote na kutembea juu ya mikanda mipana ya mpira, kama Kubota DC-70, ambayo upana wake wa kukata ni takribani mita mbili. Hizi huweza kuingia kwenye majaruba yenye unyevu na kuvuna mpunga mfupi na mrefu, ingawa mpunga uliolala huzipunguzia mwendo. Chama chenye wanachama wanaolima Supa na SARO 5 kwa pamoja hakina sababu ya kuitafuta nyingine.

4. Siku ya kwanza: maduka ya vipuri

Mjumbe afikapo mjini, siku nzima ya kwanza aitumie Kariakoo na Gerezani kwa miguu, akiwa na daftari na orodha ya sehemu zinazochakaa. Dalali asimfuate siku hiyo. Katika kila duka aulize mambo manne: Kipuri hiki kipo leo? Ni cha mtengenezaji mwenyewe au cha kuiga? Bei yake ni kiasi gani? Kama hakipo, kitafika baada ya siku ngapi? Majibu yatagawanyika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: vitu vinavyouzwa kwa namba. Humu mna beringi, mikanda ya kuzungushia, minyororo, sili na filta nyingi. Beringi yenye namba 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe imetengenezwa nchi gani na imefungwa katika mashine gani. Atakayekuwa na namba hatakwama. Kwa hiyo orodha ya namba za beringi na mikanda yote ya mashine ni mali ya chama, nayo iandikwe katika daftari la kudumu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Fungu la pili: vitu vinavyoweza kutengenezwa na fundi. Karakana za Gerezani zina mafundi wa kuchonga vyuma na kuchomelea. Mhimili uliolika, bushi, bati lililotoboka na parafujo ya kusukuma nafaka iliyokonda kingo zake vyote vyaweza kuchongwa upya au kujazwa. Mjumbe aulize gharama na muda wa kazi hiyo, aiandike.

Fungu la tatu: vitu ambavyo mtengenezaji peke yake ndiye awezaye kuvitoa. Hivi ni mikanda ya mpira ya kutembelea, pampu ya haidroliki inayoendesha mashine, vifaa vya ndani vya pampu ya dizeli na visanduku vya umeme. Hili ndilo fungu linaloamua. Ikiwa kwa aina fulani ya kombaini vitu hivi havipatikani Dar es Salaam, au vinasubiri meli, basi mashine ya aina hiyo isinunuliwe, hata ikiwa bei yake ni nusu ya nyingine.

Jioni ya siku ya kwanza mjumbe atakuwa na jambo ambalo dalali hakutarajia awe nalo: atajua bei ya kila ubovu. Kesho yake akiiona mikanda ya mpira imekwisha, hatasema tu kwamba mashine ni mbovu. Ataitoa bei ya mikanda miwili na ufundi wake katika bei ya mashine, naye muuzaji hatakuwa na la kubishana.

5. Siku ya pili: ukaguzi wa mashine

Wajumbe wafuatane na fundi asiye na uhusiano wowote na muuzaji wala dalali, na wamlipe wao wenyewe. Wafike kabla injini haijawashwa. Injini ikikutwa ina moto, wasubiri ipoe au warudi kesho yake, kwa kuwa injini mbovu huficha uvivu wake wa kuwaka ikiwa imekwisha kupashwa.

Injini. Oili itazamwe kwanza. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Baada ya kuwashwa, moshi utazamwe kwa muda. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya oili kuungua, yaani pistoni na ringi zimechoka. Moshi mweusi huonyesha dizeli nyingi au hewa haba, na pengine ni filta chafu tu. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto huweza kuwa maji ndani ya silinda au nozeli mbovu. Kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikinguruma. Pumzi ya nguvu ikitoka hapo, injini imelika.

Saa za kazi. Mita ya saa yaweza kubadilishwa kwa urahisi, lakini uchakavu hausemi uongo. Mita ikionyesha saa chache huku pedali zimelika na meno ya ngoma ya kupuria yamekuwa butu upande mmoja, yaaminiwe meno.

Njia ya nafaka. Visu, mnyororo wa kupandishia mpunga, ngoma, machekeche na parafujo zote zikaguliwe milango yake ikiwa wazi na injini imezimwa. Parafujo yenye kingo kali kama wembe imekonda. Mikanda ilegezwe na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono. Beringi iliyokufa hutoa mkwaruzo unaosikika na kuhisiwa.

Mwendo. Mikanda ya mpira ikaguliwe urefu wa meno yake, na kama ina nyufa zinazoonyesha nyaya za ndani. Kisha mashine iendeshwe walau saa moja mpaka mafuta ya haidroliki yapate moto, halafu ipandishwe mlima mdogo. Pampu iliyochoka hufanya kazi vizuri ikiwa baridi, huishiwa nguvu ikipata moto. Jaribio la dakika tano ndani ya yadi haliwezi kuufichua ugonjwa huu.

Maji ya mafuriko. Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi, na kila mwenyeji wa Dar es Salaam anayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kuwafanya wengi wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande. Hata kituo cha mabasi ya mwendo wa haraka kilichojengwa katika bonde hilo kimeingiliwa na maji zaidi ya mara moja. Mashine iliyolala mahali pa bondeni iulizwe habari zake. Fundi atafute matope makavu katika pembe ambazo mwoshaji hazifikii: ndani ya taa, chini ya kiti, nyuma ya visanduku vya umeme, katika mirija ya fremu. Viungio vya nyaya vyenye kutu ya kijani ni ushahidi wa kutosha. Rangi mpya iliyopakwa hata juu ya bolti na lebo nayo iulizwe inaficha nini.

6. Jaribio la shambani: kuhesabu punje

Mashine yaweza kunguruma vizuri na bado ikatupa mpunga wa wanachama nyuma yake. Njia ya kupima ni rahisi na haihitaji chombo chochote ila kamba.

Mahali ambapo mashine haijapita, pimwe mraba wa mita moja kwa mita moja, na zihesabiwe punje zilizokwisha kupukutika zenyewe. Kisha mashine ikate, na nyuma yake ipimwe miraba mitatu katika upana wote uliokatwa, makapi yakung'utwe, punje nzima zihesabiwe na kutafutwa wastani. Hesabu ya kwanza itolewe katika ya pili. Kinachobaki ndicho kilichopotezwa na mashine.

Punje 1,000 za mpunga zina uzito wa gramu 25 hivi. Kwa hiyo punje 40 ni gramu moja. Punje 40 katika kila mita ya mraba ni hasara ya kilo 10 kwa hekta. Punje 400 ni kilo 100 kwa hekta, au kilo 40 kwa ekari. Hasara ikiwa kubwa, fundi arekebishe upepo, machekeche na mwendo, kisha ipimwe tena. Isipopungua, ubovu uko katika ngoma au wavu ulio chini yake.

Ikiwa ununuzi unafanyika wakati ambapo hakuna mpunga wa kuvuna, mkataba useme wazi kwamba sehemu ya malipo itabaki mkononi mwa chama mpaka mashine ijaribiwe shambani. Muuzaji anayeiamini mashine yake atakubali.

7. Hesabu ya bei na siku

Ichukuliwe mifano miwili. Takwimu hizi ni za kufundishia, na kila chama kiweke zake. Msimu una siku 40 za kuvuna, na mashine huvuna ekari 8 kwa siku. Baada ya kulipa dizeli, dereva na wasaidizi, kila ekari inakiachia chama shilingi 55,000. Mashine inategemewa kufanya kazi misimu mitano.

Mashine ya kwanza, pamoja na usafiri na matengenezo ya mwanzo, inagharimu shilingi 70,000,000. Vipuri vyake ni vya kuagiza, na kwa sababu hiyo husimama siku 12 kila msimu. Inavuna siku 28, yaani ekari 224, na kukiachia chama shilingi 12,320,000 kwa msimu. Kwa misimu mitano ni shilingi 61,600,000. Chama kimepata hasara ya shilingi 8,400,000.

Mashine ya pili inagharimu shilingi 80,000,000. Vipuri vyake vinapatikana Kariakoo na hufika shambani kwa basi la usiku, nayo husimama siku 2 tu. Inavuna siku 38, yaani ekari 304, na kukiachia chama shilingi 16,720,000 kwa msimu. Kwa misimu mitano ni shilingi 83,600,000, na faida ni shilingi 3,600,000.

Mashine iliyokuwa rahisi kwa milioni 10 imekiacha chama nyuma kwa milioni 12. Zaidi ya fedha, kila msimu ekari 80 za wanachama zimebaki zikiwasubiri ndege. Rahisi huwa ghali. Ionekane pia kwamba faida ya mashine ya pili ni ndogo: ekari zikipungua kidogo, nayo itaingia katika hasara. Chama chenye ekari chache kishirikiane na vyama jirani, au kiendelee kukodi.

8. Mamlaka ya kununua na usalama wa fedha

Mali kubwa ya namna hii hainunuliwi kwa uamuzi wa mwenyekiti na meneja. Mkutano mkuu uidhinishe ununuzi na kiwango cha juu cha bei. Kama fedha ni za mkopo, chama kizingatie ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, kama utaratibu unavyotaka chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013.

Wanaokagua mashine wasiwe ndio wanaolipa. Wajumbe waandike taarifa na kuileta kwenye bodi, na malipo yafanywe kwa njia ya benki kwa jina la muuzaji anayetajwa katika mkataba. Mjumbe asipokee chochote kutoka kwa dalali, hata nauli ya teksi. Aliyelipiwa chakula cha mchana hushindwa kusema kwamba beringi imekufa.

Hati zikaguliwe kwa makini: hati za forodha, risiti ya kielektroniki, na namba za injini na fremu, ambazo zisomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na karatasi. Iulizwe kama mashine imewekwa rehani. Ikiwa muuzaji ni kampuni, dhamana zake hutafutwa katika kumbukumbu za BRELA. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kina jukumu la kupima zana za kilimo na chaweza kuombwa ushauri, na chuo cha KATC cha Moshi hufundisha mambo ya mpunga na zana zake. Dereva na fundi wa chama watafutiwe mafunzo kabla mashine haijafika, na akiba ya vipuri vya fungu la kwanza inunuliwe siku ileile inunuliwapo mashine.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Wanachama wa chama chenu wanalima aina gani za mpunga, na majaruba yao hukauka mwezi gani? Kombaini ya aina ipi inaweza kuingia humo?

2. Orodhesheni vipuri kumi vya kombaini mnayoifikiria. Kila kimoja kiwekwe katika fungu lake. Vya fungu la tatu ni vingapi, na vinapatikana wapi?

3. Rudieni hesabu ya sehemu ya 7 kwa ekari, bei na siku za chama chenu. Ni siku ngapi za kusimama zinazotosha kuigeuza faida kuwa hasara?

4. Wajumbe wenu wamefika Kariakoo, na dalali anasema mashine itauzwa kwa mtu mwingine jioni hiyo wasipolipa. Mkutano mkuu umewapa mamlaka gani, na watamjibu nini?